Jogoo Yuko Wapi?

Shangazi alikamata kile kitambaa cheusi kwa mikono miwili, akakikung'uta mara moja kama mtu anayetaka kukamata kuku, akasema, "Lete kichwa."

"Shangazi, kitanibana."

"Kikubane. Tena nakaza. Lete kichwa, nimesema, saa haikusubiri wewe."

Msichana akapiga magoti kando ya cherehani, akajikabidhi. Hakuwa na ujanja. Yule shangazi alikuwa mshonaji wa miaka ishirini na mitatu, na akifunga fundo lake, hata ng'ombe angelala pale pale alipofungwa mpaka asubuhi.

Tatizo lenyewe lilikuwa juu ya kichwa. Pembeni kote kulinyolewa mpaka ngozi inameremeta, na katikati, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, nywele zilisimama wima urefu wa kiganja. Nyekundu. Si ile nyekundu ya kuonaona haya, bali nyekundu ya gari la zimamoto. Ukimwona kwa nyuma unatamani kumtupia mahindi. Watu walipomuuliza kwa nini, hakuwa na hadithi ndefu. Alisema, "Nimezipenda," basi, akaendelea na safari yake.

Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasomea ukalimani wa lugha ya alama, na darasani hakukuwa na mtu wa kumshika. Lakini kila alipopeleka kichwa hicho kuomba kazi, kichwa kilifika kabla ya vyeti. Mahali pa kwanza walimwambia watampigia. Mpaka leo simu yao inatafuta mtandao. Mahali pa pili mwalimu mkuu alimtazama, akamuuliza kwa upole kabisa, "Hiyo unaweza kuivua?" akidhani ni kofia. Na mwalimu wake wa chuoni, aliyempenda kama mwanawe, naye hakumficha: "Binti yangu, mkalimani ni kioo cha dirisha. Watu wanatakiwa waone kupitia kwako. Ndiyo maana tunavaa nyeusi, hatuvai pete, hatupaki rangi kucha. Sasa wewe hizo nywele zinaongea kwa sauti kuliko mikono yako."

Leo ilikuwa zamu ya hospitali kubwa. Nafasi ni moja. Walioomba walikuwa wengi, waliobaki ni watano, na leo ndio jaribio la mwisho. Hospitali hiyo ndiyo aliyoitaka tangu siku alipomsindikiza mama mmoja kiziwi kliniki, akaona yule mama alivyomshika daktari mkono na kumuuliza maswali tisa mfululizo, kama mtu aliyefunguliwa bomba. Akiikosa hii, kilichobaki ni kukaa na shangazi kushona vifungo, na yeye na vifungo hawakuwahi kuelewana.

"Tayari," shangazi akasema, akivuta fundo kwa mara ya mwisho mpaka nyusi za msichana zikapanda juu. "Sasa unafanana na mtu wa kuajiriwa. Ukifika kule usijikune kichwa, usicheke hovyo, na wala usiwaambie hilo jina lenu la mabandani."

"Ni jina langu, shangazi."

"Mtoto wa kike unaitwa Jogoo! Marehemu babu yako angerudi kuuliza. Haya, nenda, mwanangu. Nenda ukawashinde."

Jina hilo alipewa na wanawake viziwi wa kiwanda cha ushonaji, alikofanya mafunzo kwa vitendo miezi minne. Viziwi hawana muda wa kukutajia herufi za jina lako kutwa nzima; wanakutazama, wanakupa alama yako, imetoka hiyo. Mwingine huitwa kwa kovu lake, mwingine kwa kishimo cha shavuni. Yeye walimtazama sekunde mbili tu. Kidole gumba kwenye paji la uso, vidole vingine vimesimama na kutikisika kidogo: jogoo. Wakacheka mpaka cherehani zikasimama, na kuanzia hapo hakuna aliyemjua kwa jina lingine.

Pale hospitalini alifika mapema, akakabidhiwa karatasi yenye namba tano. Ndio ulikuwa utaratibu wa siku: hakuna kutaja majina, ili mtu asije akapendelewa kwa sababu ya baba yake. Akangoja, akaona wa kwanza anatoka anacheka, wa pili anatoka analia, wa tatu na wa nne hata hawakutaka kutazamwa. Moyo wake ulikuwa unaruka kamba.

"Namba tano!"

Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na feni iliyogeuka upande mmoja vizuri na upande wa pili ikakwama, ikatetemeka, halafu ikaendelea. Katikati ya meza alikaa matroni, mwanamke mpana, saa imebandikwa kifuani, mkasi wa bandeji umechungulia mfukoni. Kulia kwake alikaa afisa wa ajira, Bwana Ajira mwenyewe, tai imenyooka kama rula. Kushoto, mwakilishi wa chama cha viziwi, fundi seremala mwenye vidole vinene na penseli juu ya sikio. Mwenyewe hupenda kutania kwamba sikio hilo halijawahi kumfanyia kazi nyingine, basi angalau lishike penseli. Na kwenye kona, na miwani iliyoshuka puani, alikaa mtahini, mwalimu aliyeazimwa kutoka chuo cha mbali.

"Shikamooni," akasalimia, kwa mdomo na kwa mikono.

"Marahaba," akajibu mtahini. "Sikiliza, namba tano. Fundi huyu atazungumza na hawa wawili. Wewe ndiye mdomo wake, na wewe ndiye masikio yake. Kila kinachosemwa humu ndani unakifikisha. Usiongeze, usipunguze. Yeye akisema 'mimi', na wewe unasema 'mimi'. Cha kwako wewe hakipo. Mpaka niseme 'basi', ukichomeka neno lako moja tu, nakufuta kwenye orodha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Wakaanza. Fundi akasimulia kazi yake, mbao, bei ya misumari, mgongo unaomsumbua. Msichana akasema yote bila kukwama, sauti inateleza. Matroni akauliza hili, Bwana Ajira akauliza lile, mikono ikajibu. Ikawa tamu. Ndani kwa ndani akajiambia, leo nala nao sahani moja.

Mara fundi akanyamaza. Akamtazama msichana, akatazama karatasi yake, akahesabu kwa vidole: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Akamgeukia matroni, uso umejaa swali, akaweka gumba kwenye paji la uso, vidole vimesimama.

Msichana akahisi damu imepanda hadi masikioni. Lakini mdomo ulishazoea kazi.

"Samahani, mama," akasema kwa niaba ya fundi. "Nimeshaona wanne, huyu ni wa tano. Jogoo yuko wapi?"

Feni ikakwama.

"Yuko nani?" akauliza Bwana Ajira.

Mikono ya msichana ikauliza vilevile. Fundi akarudia, polepole, kama anayeongea na mtoto.

"Jogoo," akasema msichana.

Matroni akavuta kiti mbele. "Jogoo... huyu huyu anayewika?"

Fundi alipofikishiwa swali hilo akafikiri kwa dhati kabisa, kisha akajibu, na msichana akalitoa jibu lake kama lilivyo: "Kuhusu kuwika sina hakika. Mimi sijawahi kumsikia."

Kule kwenye kona, mabega ya mtahini yakaanza kutikisika, lakini kalamu yake haikuinuka.

Bwana Ajira akamwinamia matroni, akanong'ona, "Binti amechanganya alama, huyu. Mimi namkata kumi."

Sasa sheria ni sheria. Kila kinachosemwa humu ndani. Msichana akaikusanya mikono yake karibu na kifua, kwa alama ndogondogo, kama mtu anayenong'ona, akamwambia fundi: Binti amechanganya alama, huyu. Mimi namkata kumi.

"He!" Bwana Ajira akaruka. "Sasa hilo mbona unamwambia?"

Na hilo nalo akamwambia.

"Acha basi!"

Na hilo.

Fundi akapiga meza kwa kiganja, chupa zikaruka. Mikono yake ikatoka mbio, na sauti ya msichana ikaifuata nyuma nyuma. "Hajachanganya kitu! Mimi nimesema jogoo, na nitasema tena jogoo. Ni jina la mtu. Nimetumwa na wanawake wa kiwanda cha ushonaji. Kuna mwanafunzi alikuwa kwao, anaitwa Jogoo, na wamesema mikono yake haidanganyi. Mmoja wao alikwenda naye kliniki, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akajua daktari kasema nini kabla mumewe hajajua. Wameniambia, ukimwona Jogoo, mchukue huyo, usirudi bila yeye. Sasa nauliza. Aliomba hapa, au mmemrudisha getini?"

Hebu fikiria. Umekaa kwenye kiti, mtu anakusifia mbele ya watu wenye kazi mkononi, na zile sifa zinatoka kwa mdomo wako mwenyewe, na huruhusiwi hata kusema ahsante. Neno lilikuwa pale pale juu ya ulimi: *ni mimi*. Maneno mawili. Akayameza, yakashuka kama kidonge bila maji. Kichwani kitambaa kilibana, na chini yake nywele zikawa zinawasha utadhani zimesikia zinatajwa.

"Anafananaje?" akauliza matroni.

"Nywele nyekundu," akasema fundi kwa mdomo wa msichana. "Zimesimama hivi. Pembeni hamna kitu."

Bwana Ajira akacheka, akaegemea kiti kwa raha. "Aa, huyo! Kama kweli yupo mtu wa namna hiyo, basi nashukuru amepotea njia. Hapa hospitali, si sarakasi. Mtu anaumwa, anafumbua macho, anakutana na kitu kama hicho si atafikiri ameshakufa? Mtu mwenye nywele hizo mimi simpi hata kazi ya kufungua geti."

Wote wakamgeukia msichana, wakingoja mikono.

Na hapo ndipo pagumu. Kwa viziwi, uso ndio sauti. Ukipeleka tusi kwa uso mzuri, umelipunguza. Kwa hiyo akakunja pua kama Bwana Ajira alivyoikunja, akashusha midomo, akaegemea kiti kwa raha ileile, akasema kwa mikono: sarakasi. Akasema: kitu kama hicho. Na alipofika kwenye 'nywele hizo', hakuwa na njia nyingine. Akaweka gumba kwenye paji lake mwenyewe, juu ya kitambaa cha shangazi, vidole vimesimama, na akazidharau nywele zake kwa moyo wote, kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Jicho moja likalowa. Akaliacha. Machozi yake hayakuwa sehemu ya mazungumzo.

Fundi alikuwa amesimama sasa. Mikono yake ilikata hewa kama msumeno, na msichana akapandisha sauti, akaipandisha tena, kwa sababu hasira ya mtu haitafsiriwi kwa kunong'ona.

"Mwezi uliopita nilikuja hapa na mgongo! Saa moja asubuhi nimeketi kwenye benchi lenu. Mnaita majina kwa mdomo! Natazama midomo ya watu mia mbili, sijui ni upi unaniita mimi. Saa tisa mfagiaji kanigusa na ufagio, kumbe naitwa tangu saa tatu! Na mkalimani wenu wa zamani alikuwepo! Amevaa nyeusi safi kabisa, amekaa kwenye kona, hana pete, hana rangi, hana kitu. Nani alimwona? Mimi nasikia kwa macho! Mkalimani asiyeonekana ana faida gani kwangu? Huyo Jogoo wenu wa sarakasi ningemwona tangu mlangoni!"

Mlango ukafunguka, mlinzi akachungulia. "Kuna usalama humu?"

"Upo," akasema matroni. "Funga mlango."

Msichana akamwambia fundi hata hilo la mlinzi.

Kisha kule kwenye kona kalamu ikafungwa, *tak*.

"Basi," akasema mtahini. Akavua miwani, akafuta macho, na haikujulikana ni ya kucheka au ya nini. "Nimefanya kazi hii miaka mingi. Huyu hakuongeza neno. Hakupunguza neno. Hata ya kunong'ona kayafikisha, na kayafikisha kwa kunong'ona. Mimi nampa zote. Anayetaka kukata kumi aje anikate mimi."

Bwana Ajira akakohoa, akarekebisha tai ambayo haikuwa imepinda.

"Namba tano," akasema matroni, "sasa sema cha kwako, kama unacho."

Alikuwa nacho, ila kilikuwa chini ya kitambaa. Msichana akapeleka mikono kisogoni, akavuta fundo. Fundo likakataa. Akavuta kwa nguvu, akavuta kwa upole, akajaribu kwa kucha, lakini shangazi hakufunga kwa ajili ya kufunguliwa. "Samahani," akasema, "samahani kidogo tu," anahangaika, uso umeiva, mpaka matroni akanyanyuka, akazunguka meza, akachomoa mkasi wa bandeji na kukata, *kwachu*.

Kitambaa kikaanguka. Nywele zilikuwa zimelalia upande kwa kukandamizwa, lakini zikaanza kunyanyuka taratibu, moja moja, kisha zote, kama watu walioamshwa na wanakumbuka wana safari.

Kiti cha fundi kikaenda chini. Gumba kwenye paji, vidole vinatikisika, mdomo wazi. Akacheka ile sauti yake nene ambayo mwenyewe haijui, akaja akamkumbatia namba tano mpaka penseli ikamtoka sikioni.

"Kumbe..." Bwana Ajira alizinyooshea kidole. "Kumbe ni... Na yale ya sarakasi ulimwambia?"

"Kama ulivyoyasema, bwana. Hata pua niliikunja kama yako."

"Mama yangu!"

Matroni alikuwa ameshika kiuno, anacheka bila sauti. Lakini Bwana Ajira hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mwongozo, na mwongozo wake akaufungua. "Nimekosa kwa maneno, nakubali. Ila hapa imeandikwa mkalimani asivute macho. Sikuandika mimi."

"Na ni kweli, bwana," akasema msichana. Maneno yalikuwa yanamkimbia sasa, yake mwenyewe, yakisukumana mlangoni. "Ndani kwa daktari macho yanatakiwa kwenye mikono. Huko nafunga kitambaa, tena nafunga mwenyewe bila kulazimishwa. Huko nakuwa kioo cha dirisha. Ila kule ukumbini mtu hanijui, hajui kama nipo! Kule si ndiko ninakotakiwa kuvuta macho? Nikiwa kioo kule, atanionea wapi?"

Matroni akatazama saa ya kifuani. "Maneno mazuri. Twendeni ukumbini tukayapime."

Wakatoka wote watano, fundi mbele kama mwenye harusi. Ukumbi wa wagonjwa wa nje ulikuwa umejaa: mabenchi, vikapu, kikohozi, watoto mgongoni. Karani kwenye dirisha alikuwa na kipaza sauti mdomoni. Akaita jina la mwanamke. Akaita tena. Mara ya tatu akaita kwa hasira, halafu akaweka faili pembeni. "Hayupo! Anayefuata!"

"Ngoja," matroni akamwambia. Akamgeukia msichana, akamwonyesha ngazi ya zege chini ya dirisha. "Panda."

Akapanda. Mwanga wa dirisha ukampiga kichwani, na zile nywele zikawaka. Vichwa vikaanza kugeuka, benchi baada ya benchi.

"Hee! Siku hizi wanafuga humu ndani?" mzee mmoja akasema, watu wakaangua kicheko.

Hakujali. Akainua mikono juu, wazi, mikubwa, ya kuonekana mbali. *Mimi mkalimani. Kuna asiyesikia? Njoo kwangu.* Akarudia. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Moyo ukaacha kuruka kamba, ukasimama kabisa. Hakuna. Bwana Ajira akafungua mdomo kusema kitu.

Kule nyuma kabisa, kando ya ndoo za maji, mkono ukainuka. Mwanamke mtu mzima, kanga begani, akasimama kama haamini. Halafu upande wa pili kijana mwenye mkono mmoja kwenye bandeji akajibu kwa ule mmoja uliobaki. Halafu na mwingine, karibu na mlango. Watu wakawapisha, na mabenchi yale yaliyokuwa yakicheka yakanyamaza yenyewe.

Yule mwanamke alifika wa kwanza. Akatoa kadi kifuani, akaishika mbele kwa mikono miwili. Karani akainama kusoma jina, akasoma tena, kisha akalichukua lile faili alilolitupa pembeni. Mwanamke akaweka kadi chini ya kwapa ili mikono ipate nafasi, na ikaanza kusema: jana nilikuja, nikangoja mpaka wakafunga. Leo nimekuja tena. Tumbo, hapa, na hapa. Siku kumi na mbili. Wewe utaingia na mimi? Kweli utaingia?

*Naingia na wewe,* msichana akamjibu, na tayari kijana wa bandeji alikuwa anamgonga bega, ana lake.

"Nenda kalete fomu," matroni akamwambia Bwana Ajira bila kumtazama.

Bwana Ajira hakutembea, alikimbia. Alirudi anahema, tai imehamia begani, karatasi mkononi, anapenya katikati ya watu. "Miezi mitatu ya majaribio!" akapaza sauti. "Mshahara umeandikwa hapo chini! Binti! Sahihi! Weka sahihi yako hapa kabla ofisi haijafungwa! Kalamu hii hapa!"

Msichana hakugeuka. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu.

"Subiri kidogo, bwana," akasema. "Naongea."